Kata, Tia, Funika: Amri za Jikoni na Msomaji wa Kampala

Katika miaka mitatu ya chuo sijaisoma matini yoyote ya Kiswahili kwa umakini kama nilivyoyasoma mapishi ya wali wa nazi. Sisemi hivi kwa utani. Nikiruka ukurasa wa riwaya, anayejua ni mimi na mtihani. Nikiruka mstari mmoja wa mapishi, watu sita waliokaa mkekani wanajua kabla ya kumeza tonge la pili. Ndiyo maana nashangaa kwamba katika kozi zetu za uhakiki tumechambua shairi, hadithi fupi, tamthilia, hotuba, hata maandishi ya kwenye kanga na nyuma ya magari, lakini mapishi hatujayagusa. Labda ni kwa sababu yanaonekana kuwa maelekezo tu, kama karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mimi naona mapishi ni utanzu wenye msimulizi wake, hadhira yake na mtindo wake, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia Uganda yana jambo ambalo sijalipata kwingine: Kiswahili kinachoamuru bila kutisha.

Mapishi ninayoyazungumzia ni yale ninayoyafuata nyumbani siku za Jumamosi. Yameandikwa na wapishi wa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na mengine na Waswahili walioko Muscat, ambao wanaandika habari za pilau na mkate wa kumimina kana kwamba hawakuwahi kuondoka pwani. Siwajui kwa sura, nawajua kwa sentensi zao. Mmoja huandika kama mtu anayekimbilia basi. Mwingine hawezi kukuambia ukate kitunguu kabla hajakueleza ni nani aliyemfundisha kukikata. Nami nawasoma nikiwa Kampala, mbele ya sigiri ya makaa, na nazi moja niliyoinunua kwa bei ambayo mtu wa Tanga angeicheka.

Jambo la kwanza linalomgonga msomaji wa kwetu ni amri. Kata. Osha. Tia. Koroga. Funika. Epua. Mapishi mazima yanaweza kwenda hivyo bila kiima hata kimoja. Kwa msomaji wa Zanzibar hilo halina uzito, kwa sababu amekisikia Kiswahili kikibembeleza mtoto, kikitania, kikiomba radhi na kikiamuru, vyote ndani ya nyumba moja. Kwetu historia ni nyingine. Tangu enzi za ukoloni Kiswahili kilienea Uganda pamoja na kambi za jeshi na vituo vya polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa kusini mwa nchi tangazo hilo lilizidi kukifunga kwenye sare na bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima shuleni. Sheria imebadilika upesi kuliko masikio.

Masikio ninayoyafikiria ni ya bibi yangu. Jajja, kama tunavyomwita, hasemi Kiswahili, ila anakielewa katika maneno machache: simama, lala chini, toa pesa. Siku moja nilikuwa nikisoma mapishi ya mbaazi kwa sauti, kama nifanyavyo mikono inapokuwa na kazi. Nilipofika kwenye menya, kata, tia, funika, akauliza kutoka uani, kwa Kiganda, ni nani anayekamatwa. Tulicheka sote. Yeye alicheka mwisho, na kidogo.

Tangu siku hiyo kila mapishi nayauliza swali moja: yananiamuru kwa sauti gani?

Kisarufi majibu ni mengi kuliko nilivyotarajia. Kuna amri tupu, kata, ambayo ndiyo fupi kuliko zote. Kuna kitenzi-jina, kukata vitunguu, kuosha mchele, ambacho hakimwamuru mtu yeyote. Kinapanga kazi kama orodha ya zamu za usafi bwenini. Kuna wakati ujao, utakata, utatia, na huu una hila, kwa sababu mwandishi anajifanya ameshaniona nikifanya. Kuna tunakata, tunatia, ambao umeenea sana kwa wapishi wa televisheni, nao mimi siupendi. Hatukati sote. Nakata mimi, na vitunguu vinaniliza mimi. Halafu kuna ile hali inayoishia na -e, ukate, utie, ukoroge, hasa inapotanguliwa na -ki-. Kwa maoni yangu hapo ndipo mapishi ya Kiswahili yanapofika juu kabisa.

Chukua sentensi ya aina hii: kitunguu kikianza kuwa chekundu, utie saumu, ukoroge isiungue. Ndani yake mna sharti, agizo na tahadhari, na katika hayo matatu agizo ndilo lenye sauti ndogo. Anayeongoza ni kitunguu. Mpishi anakisubiri, na mwandishi anasubiri pamoja naye. Linganisha na hii: kaanga kitunguu kwa dakika tano, weka saumu. Hapa anayeongoza ni saa, na kitunguu kikiwa kibichi au kikiwa kimeungua, saa haina habari. Darasani -ki- ya masharti tulifundishwa kwa mfano wa mvua, ikinyesha sitakuja. Ningekuwa na kura ningeomba mvua ibadilishwe na kitunguu, maana katika mfano wa mvua mtu anakaa tu nyumbani, lakini katika mfano wa kitunguu anajifunza kuangalia.

Kauli ya kutendea nayo ina kazi yake jikoni. Mpishi hodari wa wali hasemi acha maji yakauke, anasema yakaukie. Tofauti ni irabu moja. Maji yakikauka yamekwisha, na pengine sufuria inaanza kulia. Yakikaukia yameingia ndani ya kitu, mchele umeyanywa. Vitabu vyetu vya mofolojia huieleza kauli hii kwa mifano ya mtu na mtu, kumpikia mgeni, kumwandikia mama barua. Katika yakaukie hakuna anayefanyiwa hisani, kuna mahali tu ambapo tendo linaishia, na mahali penyewe ni ndani ya sufuria.

Na kuna badiliko la jina. Kiswahili kina mpunga shambani, mchele guniani, wali sahanini. Kiganda kina omuceere, na kinaishia hapo: ulio mbichi ni omuceere, uliopikwa ni omuceere. Kwa hiyo nikisoma mapishi ya wali huutafuta ule mstari ambapo mchele unatoweka na wali unazaliwa. Waandishi hodari hawaukosei. Wanauita mchele wakati unaoshwa, wakati unatiwa kwenye tui linalochemka, hadi maji yanapoanza kupungua. Kisha, bila kutangaza chochote, wanakuambia uugeuze wali. Hapo ndipo chakula kimekuwa chakula, na sarufi imetangulia kujua. Nimekutana pia na mapishi, bila shaka yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, yanayoniagiza nioshe vikombe viwili vya wali. Jajja akiniona naosha wali atanitoa jikoni.

Baada ya amri, jambo la pili ni ukimya. Chumvi kiasi. Maji ya kutosha. Pilipili ukipenda. Pika mpaka uive. Wahakiki wa upokezi wanaomfuata Wolfgang Iser wangeyaita haya mapengo ambayo msomaji huyajaza. Sawa, lakini Iser alimwazia msomaji wa riwaya, na msomaji wa riwaya akijaza vibaya hakuna anayelala njaa.

Wenzangu wengi huliona neno kiasi kuwa uvivu wa mwandishi. Sikubaliani nao. Mapishi yalianza kama mazungumzo ya watu wawili mbele ya moto mmoja, na neno kiasi lilikwenda pamoja na kiganja kilichokunjuliwa: kiasi hiki. Maandishi yalichukua neno yakaacha kiganja. Wala si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na vipimo. Kulikuwa na kibaba, vibaba viwili vikawa kisaga, vinne vikawa pishi. Sisi tulio darasani tunakijua kibaba kutokana na haba na haba tu, na sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kukishika mkononi. Hata hao tunaowaona mabingwa wa kupima hawajapima muda mrefu. Kitabu cha Fannie Farmer wa Boston, Marekani, kilichoeneza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu, kilitoka mwaka 1896. Kabla yake Kiingereza nacho kilikuwa kikisema siagi kiasi cha yai. Kwa hiyo kiasi si alama ya lugha iliyochelewa.

Swali langu kwa neno kiasi ni kama linafuatwa na ishara. Maji yaupite mchele kwa pingili moja ya kidole: hicho ni kipimo, tena kipimo ninachokwenda nacho popote. Nyanya zikaangwe mpaka mafuta yajitenge: hiyo ni saa, na ina macho. Tui zito ulitie mwisho, ukoroge lisikatike. Huu mstari wa mwisho niliukalia muda mrefu kabla ya kuwasha moto. Tui linakatika vipi? Kampala tunajua umeme unavyokatika, na kamba, na mazungumzo ya simu. Tui likichemshwa kwa nguvu bila kukorogwa, mafuta yanaachana na maji, na mchuzi uliokuwa mzito unakuwa maji yenye chembechembe. Kweli limekatika: kilichokuwa kimoja kimekuwa viwili. Mwandishi hakueleza lolote kati ya haya. Alitumia kitenzi sahihi, na kitenzi kikanifanya nikae macho nikiwa na mwiko mkononi. Ukimya wa namna hii naukubali. Ukimya wa pika mpaka uive siukubali, kwa sababu kama ningejua umeiva vipi nisingehitaji kusoma.

Kuna mahali ambapo siyatetei mapishi haya hata kidogo, nalo ni suala la majina. Mfano mbaya kuliko yote ni bizari, au binzari. Kwa wapishi wa Tanzania neno hilo linaweza kuwa bizari nyembamba, ile mbegu ya pilau ambayo Zanzibar huitwa pia uzile na Mombasa jira. Linaweza kuwa bizari ya manjano. Linaweza kuwa unga uliochanganywa wa mchuzi. Mwandishi anaandika binzari kijiko kimoja, anaendelea na safari. Msomaji wa Kampala analibeba neno hilo hadi sokoni Nakasero, na sokoni linaeleweka papo hapo. Hiyo ndiyo hatari yake. Kwa Kiganda ebinzaali ni ule unga wa njano wa mchuzi. Anauziwa huo, anarudi nao, na pilau inatoka njano kama kanzu ya shule, ingawa hakuna agizo hata moja alilolikiuka. Neno geni kabisa lingemlinda, maana angeuliza. Neno la jamaa limempoteza.

Ndizi ni hivyo hivyo. Menya ndizi kumi. Zipi? Watanzania wenyewe wana mzuzu, mkono wa tembo, mshale, bukoba, kisukari, lakini katika mapishi wengi huandika ndizi tu, wakiamini kwamba nyama iliyo kwenye mstari unaofuata itaeleza. Kwa Mganda ndiizi ni zile ndogo tamu za kula mbivu. Za kupika ni matooke, za kuchoma ni gonja, zile ndefu za kula baada ya chakula ni bogoya. Atakayeyafuata mapishi kwa uaminifu atapika ndiizi kwa nyama, na kwetu kisa hicho kitasimuliwa kila Krismasi.

Sioni kwamba lugha ndiyo yenye kosa hapa. Mwandishi hajamwona msomaji aliye nje ya pwani, basi. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na sisi huku tunakisomea shahada, lakini mapishi yake bado yanadhani msomaji yuko umbali wa kupaza sauti, kwamba akikwama ataita jirani. Mstari mmoja ungetosha: bizari nyembamba, nzima, rangi ya udongo, yenye harufu kali ukiisugua. Hakuna anayehitaji kamusi hapo, anahitaji pua.

Waandishi wapya wameliona tatizo hili, wakalitibu kwa namba. Gramu, mililita, dakika, nyuzi. Namba zenyewe hazinikeri. Ila gramu 500 za mchele hazijui kama ni Kaiso, ni super au ni basmati ya Pakistan, wala kama mchele umevunwa juzi au umekaa ghalani mwaka mzima, na uliokaa hunywa maji zaidi. Dakika 20 hazijui sigiri, ambayo makaa yake huanza kwa hasira na kumaliza kwa usingizi. Hayo mpishi atayarekebisha. Kinachonisumbua ni kinachotoka mlangoni namba zinapoingia, yaani vitenzi. Mapishi mengi ya siku hizi yanatembea kwa vitenzi vinne: weka, changanya, pika, acha. Weka chumvi. Weka nazi. Weka jikoni. Kutia kumetoweka, na kutia ni kuingiza kitu ndani ya kingine, wakati kuweka ni kukiacha mahali tu. Chumvi ikiwekwa inabaki pale pale mezani.

Angalia vilivyokuwepo. Kutokosa ni kuchemsha chakula kiive, muhogo au viazi. Kupwaza kumekaa karibu nako, lakini kunaongeza habari: kilichopwazwa kimepikwa kwa maji matupu, bila mchuzi, na anayekula anajua ajitafutie kitoweo. Kubanika ni kuchoma kwa subira, samaki kwenye vijiti, moto ukiwa mbali kidogo. Kusonga ni kwa ugali peke yake, na aliyesonga anajua kwa nini ugali haukorogwi. Kupalia ni kutia makaa juu ya mfuniko na kupunguza moto wa chini, wali au mkate uive kutoka pande mbili. Mapishi mapya ya mkate wa kumimina huniambia niwashe oveni kwa nyuzi 180. Oveni hatuna. Mfuniko na makaa tunavyo. Kitenzi cha zamani kinaifaa sigiri ya Kampala kuliko maelezo mapya, na ajabu ni kwamba waliokiacha ni wale waliokizaa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kuunga. Mchicha umeshaiva, lakini haujaungwa. Unaliwa, ila bado si mboga ya kumwekea mgeni. Unauunga kwa tui, kwa karanga, au kwa kitunguu na mafuta, na sasa umekamilika. Kitenzi ni kile kile cha kuunga mfupa na kuunga mkono. Karanga zetu za binyebwa, ambazo kila nyumba ya Kampala hula, zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo kitenzi nilikielewa kwa ulimi kabla ya kukielewa kwa kamusi. Mapishi mapya yanasema changanya na karanga. Changanya inaweza kusemwa kwa saruji na kokoto.

Najua litakalosemwa. Rafiki yangu mmoja, ambaye anaandika tasnifu yake kuhusu ushairi, aliniambia kwamba mapishi yana kipimo kimoja tu, chakula, na chakula kikiwa kitamu lugha inaweza kuwa ya hovyo. Ninakubali nusu. Kweli uhakiki wa mapishi lazima upitie tumboni, na ningemdharau mhakiki ambaye hajapika anachokihakiki. Lakini huyo rafiki hajaniambia chakula kinakuwaje kitamu mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kukiona, kama lugha haikumbeba. Mama yangu ana hoja kali zaidi. Hajawahi kusoma mapishi hata siku moja, na chakula chake kinakishinda changu. Hilo silibishi. Alijifunza akiwa amesimama karibu na kiwiko cha Jajja, na kiwiko ni kitabu kizuri kuliko vitabu.

Shida ni kwamba mimi sina kiwiko cha Unguja. Kwa aliyezaliwa katika nyumba ya Waswahili, mapishi yaliyoandikwa ni ukumbusho. Akiyakuta mabaya anayaacha na kumpigia shangazi simu. Kwangu ndiyo mlango pekee wa nyumba hiyo. Kozi za fasihi zimenipa watawala, wakulima, wapigania uhuru na vijana waliopotea mijini, na nawashukuru walimu wangu kwa hao wote. Lakini hakuna aliyenionyesha nazi ikikunwa kwenye mbuzi, machicha yakikamuliwa mara ya kwanza kwa tui zito na mara ya pili kwa tui jepesi, na kwa nini yasichanganywe. Mtu anaweza kupata shahada ya Kiswahili katika nchi yetu bila kukisikia kikiwa kimefunga leso. Wahitimu hao ndio watakaokwenda kukifundisha shuleni, kwa watoto ambao majumbani mwao wapo akina Jajja wenye yale maneno matatu. Mwalimu huyo akiingia na simama, kaa, andika, basi amethibitisha yaliyokuwa yakijulikana.

Kwa kuwa nimewalaumu wengine, nilijipa kazi ya kuandika mapishi ya kwetu kwa Kiswahili. Nilichagua luwombo ya kuku, chakula kinachopikwa kikiwa kimefungwa ndani ya jani la mgomba, na matooke ya kuliwa nayo. Jajja alifanya, mimi nikaandika. Vitu vingi vilikubali bila ugomvi. Kuku akatwe vipande, abanikwe kidogo apate harufu ya moshi, karanga zilizosagwa zikorogwe kwa maji ya vuguvugu. Nilikwama kwenye jani lenyewe. Jani la mgomba halifungiki likiwa bichi, linapasuka. Linapitishwa juu ya moto mpaka linywee na kung'aa, ndipo linakuwa laini kama kitambaa. Niliandika maelezo marefu ya jambo hilo, sentensi mbili nzima, wakati Jajja alikuwa na neno moja: okubabula.

Jioni nikafungua kamusi, na neno likawa linanisubiri. Kubabua, kuunguza kitu juu juu kwa moto. Kitenzi ni kimoja. Upande wa pwani kimedondosha l, kama okukula ya Kiganda ilivyo kukua kwa Kiswahili, na okuzaala ilivyo kuzaa. Nikafuta sentensi zangu mbili, nikaandika: ulibabue jani mpaka ling'ae, lisipasuke. Nilipomsomea Jajja, neno hilo alilitambua bila kutafsiriwa. Akalirudia mara mbili, akasema hilo askari hawakuwa nalo.

Neno lililofuata halikuwa rahisi hivyo. Matooke yakishaiva hupondwa yakiwa ndani ya majani yake, yakafungwa tena na kurudishwa kwenye moto mdogo yazidi kulainika. Kiganda husema okuboobeza. Nimejaribu kuvukiza, lakini kuvukiza kunanukia ubani. Kupika kwa mvuke ni maelezo, tena mvuke ulikuwepo tangu mwanzo, kabla ya kupondwa. Kupalia kunakaribia, ila makaa yake yako juu ya mfuniko. Katika nakala niliyoiweka jikoni imeandikwa hivi: matooke yakishapondwa, uyafunge tena, uyaboobeze kwa moto mdogo mpaka jani la nje lipoteze ukijani wake wote. Kitenzi sikukiwekea alama za mtajo wala maelezo. Rangi ya jani nimeiweka kwa ajili ya msomaji wa Tanga.